Mwaka Elie Alipoupima Mto

Neema alirudi Kisangani mwezi uliopita, baada ya miaka mingi ya Kinshasa, akiwa na binti yake mgongoni na mzigo mdogo kuliko nilivyotarajia. Jioni ya kwanza tulikula lituma ya ndizi za kupondwa na samaki wa kukaanga, mtoto akalala kwenye mkeka, na katikati ya kula mdogo wangu akaacha kutafuna, akaniuliza, "Yaya, sauti ya Elie ilikuwa namna gani? Niko natafuta kwa kichwa, siipate." Yaya ndivyo tunavyomwita hapa ndugu aliyezaliwa mbele, na mimi ndiye niliyewatangulia wote wawili. Nilifungua mdomo nimjibu. Nilitaka kumwigiza kaka yetu anavyoita kutoka mlangoni, lakini iliyotoka ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Nikasema tu ilikuwa nyembamba asubuhi na nzito akicheka, na Neema akaitika kwa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyeomba maji akapewa kikombe kitupu. Tangu siku hiyo sikai vizuri. Nikikatakata ndizi niko katika mwaka ule, nikipanga viti niko katika mwaka ule. Afadhali niuandike, maana sauti siwezi kuirudisha, lakini mambo tuliyoyafanya ninayo yote.

Mwaka ule tulikaa sisi watatu peke yetu katika vyumba viwili vya Kabondo. Mimi nilikuwa nimeacha shule zamani, nikipika chakula na kukiuza kwenye bichi, ndiyo bandari ya mto, kwa wapagazi na watu wa mitumbwi ya mota. Elie alikuwa mwaka wa mwisho kwenye kitivo cha sayansi, Neema akiwa bado sekondari. Chumba cha mbele kilikuwa jiko wakati wa mvua na sebule wakati wa jua, na ndani yake kulikuwa na meza moja iliyofanya kazi zote: kulia chakula, kupigia pasi, kusomea, na kuweka kompyuta ya Elie juu ya kitambaa cha plastiki chenye maua. Kompyuta ilikuwa ya mkono wa pili, betri yake imekufa, ikiishi pale tu umeme unapokuwepo. Basi umeme ukirudi, hata kama tumeshaanza kula, Elie alisukuma sahani pembeni, na sisi tulimalizia pondu yetu ya majani ya mihogo tukiwa tumeshika sahani mapajani, tukimtazama mgongo.

Kazi yake ya kumaliza masomo ilikuwa maji. Kwenye ukuta wa bichi kuna ubao wa chuma wenye namba, na mto unapanda na kushuka juu yake. Kila asubuhi Elie alifika mahali pangu, akanywa chai na mikate miwili ya mafuta, akashuka ngazi, akainama, akasoma namba na kuiandika kwenye simu. Wapagazi walimpa jina la Daktari wa Maji. Mmoja wao, mtu wa makamo mwenye shingo nene tuliyemwita tonton Baruti, hakukosa kumwuliza, "Docta, mugonjwa iko namna gani leo?" Elie alijibu bila kugeuka, "Anakunywa sana, tonton, alafu anakataa kulala." Walicheka kila siku kwa maneno yaleyale. Nilikuwa nikichota wali huku nikiona fahari ambayo sikuwahi kuisema, kwa sababu nyumbani kwetu mtu akisifiwa mbele yake anaona haya mpaka anatoka nje.

Namba hizo alizigeuza kuwa mstari. Alitumia kitu alichokiita maktaba, nikamwuliza vitabu viko wapi, akacheka, akaniambia ni maktaba ya maagizo: watu wa mbali wameandika namna ya kuchora, wewe unaazima tu. Mstari wenyewe ulitoka vizuri mara ya kwanza. Kilichomtesa ni tarehe za chini. Mashine iliandika kila siku, mwaka na mwezi na siku, moja juu ya nyingine, mpaka chini ya mchoro pakawa na utepe mweusi usiosomeka. Neema alichungulia begani kwake. "Yaya Elie, hii iko siafu? Bamekuta sukari?" Elie akaziinamisha tarehe zote upande. "Sasa ni siafu banapanda mulima," Neema akasema, akapigwa na kitambaa cha mezani. Elie akaondoa mwaka, kwa sababu kila mtu anajua tuko mwaka gani. Akaiamuru mashine iandike jina moja tu kwa kila mwezi, na siku nyingine zibaki vijiti vidogo visivyo na jina, na hapo utepe ukafunguka ukawa kama ua la miti lililopandwa kwa nafasi. Lakini miezi ilitoka kwa Kiingereza, na msimamizi wake, chef de travaux mmoja mwembamba mwenye sauti ya kusoma misa, alimrudishia karatasi: "Mon cher, sisi tuko Kisangani ama Londres?" Akaigeuza kuwa Kifaransa. Kisha akanitengenezea mimi nyingine, ambayo chini yake palisomeka mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu, kama tunavyohesabu nyumbani. "Hii iko yako, yaya. Ile ingine ni ya batu bakubwa." Alinionyesha pia anavyoandika: alama ya asilimia na herufi d ni siku, asilimia na b ni mwezi uliofupishwa, asilimia na Y kubwa ni mwaka mzima. Mpaka leo nikiona alama ya asilimia kwenye tangazo la duka, jicho langu linatafuta herufi inayofuata.

Kabla sijaendelea lazima niseme kuhusu Basoko. Elie alizaliwa na damu ya SS. Kwa mtu asiyeijua, ni damu inayougua yenyewe: siku moja mtoto anacheza, kesho yake mifupa inamchoma mpaka anauma shuka, macho yanageuka manjano, na lazima apewe damu ya mtu mwingine. Mtaani kwetu mtoto wa namna hiyo walimtazama kama mgeni aliyeshika mzigo mlangoni, tayari kuondoka. Mama hakutaka macho hayo yamfuate mwanawe, basi kila Elie alipolazwa, mama aliwaambia majirani, "Elie amesafiri, yuko Basoko kwa shangazi." Hatukuwa na shangazi Basoko. Mama alipofariki tuliendelea vilevile, bila kukubaliana, kama unavyoendelea kufunga mlango kwa kamba ambayo mwenye nyumba aliifunga. Neema akirudi shule na kukuta meza haina kompyuta alijua, na mtu akimwuliza alisema Basoko. Elie mwenyewe, akipona, alirudi mtaani na wanawake walimwuliza samaki wa Aruwimi, mto wa kule, wana bei gani, naye akawajibu.

Mwezi wa nne akasafiri. Ilimshika bichi, kwenye ngazi, nikamwona ameketi na simu mkononi kama mtu anayesoma ujumbe mrefu. Tonton Baruti alimbeba mgongoni mpaka kwenye toleka, baiskeli ya kukodi, mwenyewe akakanyaga hadi hospitali, nami nyuma kwa miguu na aproni yangu. Hapa mgonjwa akilazwa, ndugu ndiye anayepika, anayeosha, anayekimbilia dawa. Niliacha biashara, nikahamisha sufuria yangu nyuma ya jengo la wagonjwa, kati ya wanawake wengine waliokuwa wakipika kwa ajili ya watu wao. Walizungumza kama watu wa soko. "Wako anakula?" "Anakula mchuzi." "Bon, mchuzi ni kitu." Mmoja, mama wa Yanonge aliyekuja na mume wake, aliniuliza kama Elie ni mwanangu. Nikasema ni mdogo wangu. Akanitazama, akasema, "Basi ni mwanako," akaendelea kupepea moto. Ndani, Elie maumivu yakipungua kidogo aliuliza jambo moja tu: maji yako wapi? Sikujua. Wakati huo mto ulikuwa unapanda, mvua zilikuwa zimefunguka, na sisi wote tulikuwa mahali ambapo mto hauonekani.

Alipotoka, mwezi wa tano ukiwa umeshaingia, alikwenda bichi kwanza kabla ya nyumbani. Jioni umeme ukawepo, akaongeza namba mpya. Nilikuwa nikimenya mihogo. Nikainua macho. Kwenye mchoro mstari ulikuwa ukipinda na kucheza kama kawaida, kisha ukanyooka, fimbo iliyonyooka kutoka siku ile ya ngazi mpaka siku ya kurudi, kisha ukaanza kucheza tena. "Ni Basoko hiyo," Neema akasema kwa sauti ndogo. Hatukucheka. Elie akafanya jambo nililoelewa baadaye aliponieleza. Mashine ilikuwa ikizijua tarehe kama tarehe, kwa hiyo iliacha nafasi kwa siku ambazo hazikupimwa. Akaigeuza izione tarehe kuwa maneno matupu tu, majina kwenye foleni, na maneno hayana nafasi kati yake. Ya kabla ya ugonjwa ikasogea ikagusana na ya baada. Fimbo ikatoweka. Ungeutazama mchoro ule ungeapa kwamba kijana huyu hakulala kitandani hata siku moja. Neema alipiga makofi. "Imepona!" Nami nilifurahi, nasema kweli. Nilimwona mama mle ndani, akiwaambia majirani Basoko.

Rafiki yake Jospin, waliyesoma pamoja, alikuja Jumapili kula. Niliwasikia nikiwa nyuma nakaanga ndizi za makemba. Jospin alisema, "Acha vile, mon vieux. Jury haitahesabu vijiti. Ukibaonyesha ile shimo, batasema kazi haiko complet, alafu batauliza juu ya nini, alafu utasema nini?" Elie akajibu, "Angalia hapa. Maji imepanda yote hii siku moja. Mto ukipanda vile siku moja, sufuria za yaya zingekuwa zinaelea." Jospin akacheka. Elie hakucheka. "Ilipanda polepole, Jospin, kila siku kidogo, na mimi sikuwako. Hii inasema nilikuwako." Nikaingia na sahani. Nikamwambia kaka yangu, mbele ya mgeni, kwamba watu wa kitivo si watu wa kuambiwa mambo ya nyumbani, na kwamba mama hangependa. Alinijibu kwa upole sana. "Mama alitaka nitembee katikati ya batu bila aibu, yaya. Aibu ni hii hapa." Akaonyesha mahali palipogusana.

Alizirudisha tarehe kuwa tarehe. Akaufuta ule mstari wa fimbo pia, kwa sababu hakuna aliyeuona mto katika siku hizo, akaacha peupe. Chini ya weupe ule, kati ya jina la mwezi wa nne na la mwezi wa tano, mahali ambapo maktaba ile haiandiki kitu usipoiomba, akaomba. Akaweka maandishi yake mwenyewe, kwa wino mwekundu: mgonjwa, hospitali.

Siku ya kutetea kazi, mwezi wa saba, nilivaa kitenge cha wax cha mama. Chumba kilikuwa kidogo, kimejaa wanafunzi, nikabaki kwenye ukumbi wa nje pamoja na Neema, mlango ukiwa wazi kwa sababu ya joto. Elie alikuwa amevaa koti la Jospin, mikono mirefu. Alisema mambo ya mto kwa Kifaransa ambacho sikukifuata chote. Kisha mmoja wa walimu, mzito, akamwuliza maneno mekundu yale ni nini. Elie akasema alikuwa hospitali. Mwalimu akauliza kama ilikuwa malaria. Akajibu, nami nilifahamu kila neno, "Hapana, Profesa. Niko SS. Ilinishika kule bichi, nikishika simu." Neema akanishika mkono akaubana mpaka pete yangu ikaniumiza. Sisi hatukuwahi kulitamka jina hilo mbele ya mtu asiye daktari, na sasa limetamkwa mbele ya benchi zima, na dari haikuanguka. Nilikuwa nikilia, sijui kwa hofu au kwa kitu kingine.

Waliketi wenyewe kwa muda, kisha wakamwita. Hawakumkataa wala hawakumpitisha. Chef de travaux ndiye aliyetuambia nje, kwa sauti yake ile ya misa. Kupanda kwa maji ndiyo roho ya kazi hii, alisema, na hapo ndipo pana weupe. Lakini mto wetu unapanda mara mbili kwa mwaka. Aendelee kupima mpaka mwisho wa mwaka, aukamate mpando wa pili, alete mchoro mzima, na watampa shahada yake. "Alisema ukweli, mama," akaniambia mimi. "Ndiyo maana tunamngojea." Nilimshukuru. Nilikuwa nahesabu moyoni miezi tu: wa nane, wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja. Mpando wa pili unakuja wa kumi na moja. Kwa mtu mwingine hiyo ni miezi. Elie alitoka, akalivua koti, akamrudishia Jospin, akatuangalia sote kama sisi ndio tulioanguka mtihani. "Bon. Batu gani bamekufa? Nimepewa mto mara ya pili. Yaya, tukakule."

Miezi ile iliyofuata ndiyo ninayoirudia zaidi. Maji yalikuwa chini, mchanga ulionekana, wavuvi walilalamika na biashara yangu ikapungua kwa sababu mitumbwi mikubwa haikuja. Elie alipima. Hakwenda tena Basoko. Mwezi wa nane alilala hospitali, na Neema aliwaambia majirani hospitali, akarudi nyumbani, akasema mama Chantal wa nyumba ya pili alimwuliza tu wodi gani, akaleta kwanga ya mihogo. Safari hiyo Jospin alikwenda bichi kusoma namba mahali pake, na Elie alizipokea kitandani kwa simu, akamkemea kwamba anasoma amesimama. Alikonda. Shati zake nilizipunguza mara mbili kwa sindano. Alikula kwa sababu nilikuwa nikimtazama. Siku moja tukiwa bichi aliniuliza kama nimechoka, nikasema mimi sichoki, akasema, "Ni uongo, lakini ni muzuri." Mwishoni mwa mwezi wa tisa mvua zikarudi. Mchanga ukafunikwa. Alikuja kwangu na mikate yake mkononi, macho yamekuwa manjano tena, anatabasamu: "Inaanza, yaya. Inapanda."

Alikufa mwezi wa kumi, mchana, hospitalini, baada ya kupewa damu ambayo mwili wake haukuikubali. Nilikuwa nimetoka kuosha bakuli. Sitaandika zaidi ya hapo. Bakuli lilikuwa safi, nikaliweka kando ya kitanda, kwa sababu hapo ndipo linapokaa.

Matanga yalifanyika uani, chini ya turubai ya kukodi. Siku ya tatu, chef de travaux alikuja pamoja na Jospin, wakakaa kwenye viti vya plastiki, wakapewa chai. Alisema kitivo kitaifunga kazi ya Elie kama kitabu na kuiweka pale wanapoziweka nyingine, yenye jina lake. Jospin alikuwa amefungua ile kompyuta na kuchapisha mchoro. Akanipa. Niliona mwezi wa kwanza mpaka wa tatu, weupe wa mwezi wa nne na maneno mekundu, kushuka kwa kiangazi, kisha mstari ukiinua kichwa mwezi wa kumi, na hapo ukakatika. Lakini chini, majina hayakukatika. Baada ya mwezi wa kumi palikuwa na wa kumi na moja, na wa kumi na mbili, yamepangwa kwa nafasi yake, yameandikwa vizuri, na juu yake hapakuwa na kitu.

"Alipanga vile tangu mwezi wa saba," Jospin akasema, akitazama chini. "Ile maktaba, ukiiacha, inaishia kwenye namba ya mwisho. Nilimwambia aiache. Akakataa. Akasema maji ikikuja ikute nafasi yake."

Chef de travaux aliinama kuelekea kwangu. Hakuwa mtu mbaya, na namkumbuka kwa wema. "Mama, tunaweza kukata hapa. Mhimili huu wa miezi uishie mwezi wa kumi. Karatasi itakuwa nzuri, hakuna atakayeona kama kuna kitu kimepungua."

"Acha bakate, yaya," Neema akasema. Uso wake ulikuwa umevimba. "Inaumiza macho. Acha bakate."

Nilimtazama mdogo wangu, na nilitaka kumpa alichoomba, kwa maana sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Kisha nikamwambia mwalimu hapana. Nikamwambia kwamba kaka yangu alisimama mbele yao akakataa kuziba, nao wakamheshimu kwa hilo, basi wasianze kumzibia sasa. Hiyo miezi aliitaka. Iachwe. Mwalimu aliipokea karatasi, akaikunja polepole, akaitia katika bahasha, na miezi yote ikiwa ndani yake.

Nilirudi bichi baada ya matanga, kwa sababu Neema alihitaji ada ya shule. Mwezi wa kumi na moja mto ulipanda, kama unavyopanda kila mwaka. Nilikuwa pale na sufuria zangu. Maji yalipita kwenye ubao wa chuma yakizifunika namba moja baada ya nyingine, kila siku kidogo, polepole, kama Elie alivyosema, na asubuhi zote hizo hakuna mtu aliyeshuka ngazi.